Shule Mpya ni ya Watoto wa Nani?



Tulipokuwa tukijifunza ualimu, mwalimu wetu wa mbinu za kufundisha alitupa siku moja zoezi lililoonekana jepesi. Alichora ubaoni mto, barabara, soko, kilima na vijiji sita, kisha akasema: "Serikali inataka kujenga hapa shule moja ya sekondari. Iwekeni mahali pake, halafu mchore mpaka wa watoto watakaosoma humo." Karibu wote tuliiweka kando ya barabara, si mbali na soko, tukachora duara zuri kuizunguka. Mwalimu akatwaa chaki, akaweka nukta moja ndogo nje kidogo ya duara letu, ng'ambo ya mto, akauliza: "Na huyu je?" Hatukuwa na jibu. Tuliufikiria sana ukubwa wa duara, lakini mtoto anayebaki nje yake hatukumfikiria hata kidogo.

Miaka mingi imepita, nasi tumefundisha watoto wengi darasani na katika katekesimu. Swali lile halijatuacha. Kila mara tunaposikia kwamba mahali fulani shule mpya ya Serikali itajengwa, watu huuliza kwanza itakuwa na vyumba vingapi, mabati yatatoka wapi, na nani atakuwa prefe. Ni wachache wanaouliza: itakuwa ya watoto wa nani? Katika tafakari hii tunapenda kuwaonyesha, kwa kupitia historia ya nchi yetu na ya wengine, kwamba swali hilo ndilo la kwanza. Tunapenda pia kuwaonyesha jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulielewa: kila shule ina mpaka wake, hata ile ambayo hakuna aliyeichorea mpaka wowote.

Mipaka ya siku za ukoloni

Kwetu Kongo hatujazoea mtu kuambiwa: kwa kuwa unakaa upande huu wa mto, shule yako ni ile. Mzazi huchagua, na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inatambua haki yake ya kuchagua aina ya malezi ya watoto wake. Mtu angeweza basi kudhani kwamba shule zetu hazijawahi kuwa na mipaka. Historia inasema mengine.

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru la Kongo, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II, lilifanya mapatano na Kiti cha Papa. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zilikubali kufungua shule kwa kadiri zitakavyoweza, hasa za kufundisha kilimo na kazi za mikono. Tangu hapo shule ikawa mahali palipo na misioni. Aliyekaa karibu na misioni alikuwa na bahati. Aliyekaa mbali alimsubiri katekista afike kijijini kwake na kitabu kimoja na ubao mmoja.

Mwaka 1929 Serikali ya kikoloni ilitoa mpango kamili wa shule za misioni zilizopata msaada wa fedha. Kijijini kulikuwa na shule ya daraja la kwanza, ya miaka miwili. Daraja la pili, la miaka mitatu, lilipatikana hasa kwenye vituo vikuu. Baada ya hapo zilikuja shule za pekee, chache sana, za kuwaandaa makarani, walimu na mafundi. Hebu tuutazame mpango huo kama ramani. Mtoto wa kijijini alifika mwisho wa masomo yake baada ya miaka miwili, na sababu haikuwa akili yake. Ilikuwa umbali wa kituo. Ili aendelee, ilibidi aache wazazi, akae katika bweni la misioni au kwa ndugu, na ale chakula ambacho wazazi walipaswa kukituma kutoka mbali. Hapakuwa na karatasi iliyosema, "Mtoto wa kijiji hiki asiende shule ya juu." Njia yenyewe ilitosha kusema hivyo.

Palikuwa na mpaka wa pili, wa dini. Kwa muda mrefu msaada wa fedha wa Serikali ulikwenda kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, ambazo karibu zote zilikuwa za Wakatoliki wa Ubelgiji. Shule za Waprotestanti zilianza kusaidiwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Sisi Wakatoliki tunapaswa kulisema jambo hili bila aibu na bila kujitetea. Watangulizi wetu walifanya kazi kubwa, nasi tumekula matunda yake. Lakini mtoto wa jirani aliyesali katika kanisa jingine alikuwa na dawati pungufu kwa sababu ya mpaka ulioufaidi upande wetu.

Mpaka wa tatu ulikuwa wa rangi. Shule za watoto wa Wazungu zilikuwa zao, zikiwa na programu ya Ubelgiji. Sekondari ya kweli kwa Waafrika ilianza kupangwa katika mageuzi ya mwaka 1948. Watoto wachache wa Kiafrika walipokubaliwa baadaye kuingia shule za Wazungu, familia zao zilichunguzwa kwanza: nyumba yao, usafi wao, mwenendo wao. Mwaka 1954 Auguste Buisseret alipokuwa Waziri wa Makoloni, alifungua shule za Serikali zisizo za kidini kwa ajili ya Waafrika. Ugomvi mkubwa ukazuka kati ya Serikali yake na Kanisa. Wakubwa walibishana nani awe bwana wa shule. Mtoto wa kijijini aliendelea kuhesabu miaka yake miwili.

Mpaka wa fedha

Baada ya uhuru mipaka ya rangi iliondoka, na shule ziliongezeka. Tarehe 30 Desemba 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule zote mikononi mwa Serikali. Haukupita muda mrefu kabla haijaonekana kwamba Serikali peke yake hailiwezi zigo hilo. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulitiwa sahihi, shule zikarudishwa chini ya uongozi wa Makanisa, zikiwa bado shule za umma. Ndizo zile tunazoziita hadi leo shule za mkataba: za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu, na nyingine zilizofuata. Kwa sheria, mlango wa shule ya mkataba uko wazi kwa kila mtoto, awe wa dini yoyote.

Lakini mpaka mpya ulikuwa ukichorwa polepole, na aliyeushika kalamu hakuonekana. Katika miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilipokuwa si kitu, wazazi walianza kuwalipa walimu ili shule zisife. Ilipaswa kuwa dawa ya muda. Ikawa desturi ya karibu miaka thelathini. Prime, minervali, fedha za mtihani, fedha za ujenzi: kila mwanzo wa mwaka orodha ilisomwa, na mtoto ambaye baba yake hakuwa nazo alirudishwa nyumbani asubuhi, mbele ya wenzake. Nani alimtoa shuleni? Mwalimu atasema: nina watoto nami. Prefe atasema: ni uamuzi wa komite ya wazazi. Komite itasema: ni Serikali isiyolipa. Serikali itasema kwamba shule ni ya wote. Mpaka upo, mtoto yuko nje yake, na hakuna aliyeuchora.

Mnamo Septemba 2019 elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya bure, kama kilivyoagiza kile kifungu cha 43 cha Katiba. Madarasa yalijaa kupita kiasi, na hilo lenyewe lilituonyesha ni watoto wangapi waliokuwa wamesimama nje ya ule mpaka usioonekana. Hata hivyo, huduma hiyo iliishia shule ya msingi. Mtoto anayemaliza darasa la sita anakutana na mpaka uleule wa fedha mlangoni mwa sekondari.

Majirani zetu walivyochora

Tuwatazame sasa majirani ambao waliamua kuuchora mpaka mchana kweupe. Tanzania ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004 na kwenda hadi 2009. Katika miaka hiyo lilitolewa agizo lililo rahisi kulielewa: kila kata iwe na shule yake ya sekondari. Kata ni eneo la vijiji au mitaa kadhaa lenye diwani wake. Wananchi walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, wakachoma matofali. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari takriban 1,300, za Serikali na za watu binafsi pamoja. Mwaka 2009 zilikuwa zaidi ya 4,000. Wanafunzi waliongezeka kutoka zaidi ya laki nne hadi zaidi ya milioni 1.4. Ni mara chache katika Afrika Mashariki milango mingi kiasi hicho kufunguliwa kwa muda mfupi namna hiyo.

Watanzania wenyewe hawakuficha upungufu uliofuata. Kata nyingine ni pana sana, na shule iliyo katikati yake bado ni mbali kwa mtoto wa pembeni. Wasichana wengi walilazimika kupanga vyumba karibu na shule, mbali na wazazi, na hatari zake tunazijua. Walimu wa hisabati na sayansi hawakutosha, maabara hazikuwapo. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka, na Waziri Mkuu akaunda tume ya kuchunguza. Wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuwapeleka watoto wao shule za kulipia, na wale wenye alama za juu kabisa walichaguliwa kwenda shule za bweni za kitaifa. Mpaka wa kata uliwabana hasa wale wasiokuwa na pa kwenda.

Lakini tazameni tofauti moja kubwa. Kwa sababu mpaka wa kata uliandikwa na kutangazwa, watu waliweza kuuliza. Mzazi aliweza kusimama mkutanoni na kusema: "Mlituambia shule hii ni ya watoto wetu, mbona haina mwalimu wa hisabati?" Aliyeuchora mpaka alijulikana, akadaiwa. Mwaka 2016 Serikali yao iliondoa pia ada katika sekondari hadi kidato cha nne.

Kenya nayo inatupa fundisho la namna nyingine. Mwaka 1985 iliwekwa kanuni kwamba asilimia 85 ya nafasi katika sekondari nyingi za umma zitengwe kwa ajili ya watoto wa eneo la shule hiyo. Shule chache za kitaifa ndizo zilizoendelea kupokea watoto kutoka nchi nzima. Nia ilikuwa na haki ndani yake. Wazazi walikuwa wamejenga shule nyingi kwa Harambee, na waliona uchungu wageni wakizijaza huku watoto wao wakibaki nyumbani. Lakini mipaka ya utawala nchini Kenya ilifuata kwa sehemu kubwa mipaka ya makabila. Hivyo kijana aliweza kusoma tangu darasa la kwanza hadi mwisho wa sekondari bila kukaa dawati moja na kijana wa kabila jingine. Wakenya wengi wamelalamika tangu hapo kwamba kanuni hiyo ililea vijana wasiojuana. Duara linalomlinda mwenyeji linaweza pia kumfungia ndani.

Mji uliochora mpaka wa ubaguzi

Mfano wa mwisho unatoka mbali, nao ni wa shule mpya ya sekondari hasa. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, msimamizi wa shule aliitwa Virgil Blossom. Yeye hakukataa uamuzi huo hadharani. Alitengeneza mpango.

Mji ulikuwa na sekondari kubwa iliyoitwa Central High, ya weupe. Sekondari mpya ya Horace Mann ilifunguliwa mwaka 1956 upande wa mji walikokaa weusi wengi. Nyingine mpya, Hall High, ilifunguliwa mwaka 1957 upande wa magharibi, penye nyumba za weupe matajiri. Kisha maeneo ya shule hizo tatu yakachorwa. Hall ikafunguliwa ikiwa ya weupe watupu. Mann ikabaki ya weusi. Ni Central peke yake, iliyobakiwa na watoto wengi wa weupe wenye kipato cha chini, ambayo ilipaswa kuwapokea weusi wachache sana, tena baada ya majina mengi kukatwa.

Mwishowe walibaki vijana tisa. Mnamo Septemba 1957 walizuiwa mlangoni, wakazungukwa na umati wenye matusi, hadi Rais Eisenhower alipotuma wanajeshi wawasindikize darasani. Picha za vijana hao zimeizunguka dunia. Lakini ni wachache wanaokumbuka ramani. Wazazi weupe wasio na mali wa Central waliona kwamba wakubwa wa mji, waliokuwa wakihubiri utulivu, walikuwa wamejichorea mpaka wa kuwaepusha watoto wao na jambo lenyewe. Hasira hiyo ililisha chuki. Mwaka uliofuata gavana alizifunga sekondari zote za umma za mji, zikakaa zimefungwa kwa mwaka mzima wa masomo wa 1958–1959. Kabla ya kufungwa, mnamo Mei 1958, Ernest Green, mmoja wa wale tisa, alikuwa amekwisha kupata diploma yake, akiwa mweusi wa kwanza kumaliza Central High.

Fundisho ni kwamba mpaka unaweza kuchorwa kwa wino safi, kwa maneno ya upole, na watu wenye elimu, ukawa bado ni ukuta. Anayeuchora hujiweka mara nyingi upande wenye kivuli.

Na sisi hapa Mbau?

Turudi nyumbani. Mbau yetu iko kwenye barabara kuu inayotoka Beni kwenda Oicha na Eringeti, na hapa inaanzia barabara ya mashariki kuelekea Kamango. Tangu Oktoba 2014 jina la Mbau limetajwa duniani pamoja na maneno ya damu. Vijiji vimehama. Mashamba ya kakao, ambayo ndiyo yanayolipa minervali, yameachwa wakati wa mavuno kwa sababu anayekwenda kuvuna hajui kama atarudi. Shule zimehama pamoja na watu wake: walimu na wanafunzi wa kijiji kimoja wanapokelewa katika majengo ya shule nyingine, wenyeji wakisoma asubuhi na wageni mchana, wakati jua limechoma mabati na mvua ya alasiri inakaribia.

Kwa hiyo ramani yetu ya shule haikuchorwa na msimamizi yeyote. Imechorwa na fedha, na njia, na hofu. Hapa ndipo tunapofikia neno letu kuu. Tulipokuwa vijana tulidhani kwamba kutokuwa na mipaka ya shule ni uhuru. Leo tunaona kwamba mpaka usioandikwa unaumiza zaidi, kwa sababu hakuna wa kuulizwa juu yake. Mpaka ulioandikwa vibaya unaweza kupingwa, kama walivyofanya wale tisa na wazazi wao. Mpaka usioandikwa unamrudisha mtoto nyumbani kimyakimya, naye hudhani kosa ni lake.

Wapo watakaotuambia: "Shule hii tuliijenga sisi. Mawe tulibeba sisi, mabati tulinunua sisi. Wao walikuja juzi." Tusiyadharau maneno hayo. Mikono iliyobeba mawe tunaijua. Baadhi ni ya mama zetu. Tena ni kweli kwamba chumba cha watoto hamsini hakiwezi kuwafundisha mia moja na ishirini kwa sababu tu tuna huruma. Mlango ulio wazi kwenye chumba kisicho na madawati wala mwalimu haujamsaidia mtu. Lakini aliyekuja juzi alikuwa naye na shule kijijini kwake, aliyoijenga kwa mikono yake, na hakuiacha kwa kupenda. Kama jiwe ndilo linalotoa haki, basi yeye ana mawe yake porini. Na sisi, ambao usiku mmoja tu unaweza kutufanya wageni mahali pengine, tungependa tupimwe kwa kipimo gani?

Ikiwa siku moja Serikali au Kanisa litakuja kuzungumza nanyi juu ya sekondari mpya, tunawaombeni muwe na mambo manne mdomoni. La kwanza, umbali upimwe kwa miguu ya mtoto. Kilomita mbili zenye mto usio na daraja, au zenye pori ambalo watu wameuawa ndani yake, si kilomita mbili. La pili, mpaka usifuate kabila, wala grupema, wala Kanisa. Katika sekta yetu ya Beni-Mbau wapo Wanande, Wambuba, Walese, Wapakombe na Wambuti. Shule itakayokuwa ya kundi moja itakuwa imefundisha somo baya kabla mwalimu hajafungua mdomo. La tatu, nafasi na gharama ziandikwe na kusomwa mbele ya watu, pamoja na jina la ofisi ambayo mzazi aweza kwenda kulalamika, na zipitiwe upya kila baada ya miaka michache, kwa maana watu wanahama. La nne, mpaka uwe ahadi. Umhakikishie mtoto wa eneo nafasi yake, bila kumfunga mzazi anayechagua shule nyingine, na uache viti kwa mtoto ambaye bado hajafika, yule aliye njiani na godoro kichwani.

Kristu aliulizwa na mwalimu wa sheria jirani yangu ni nani, na mwulizaji alitaka mpaka: wapi unaanzia wajibu wangu, na wapi unaishia. Akajibiwa kwa habari ya Msamaria aliyemkuta mtu amelala njiani. Nasi tukichora duara zuri kuizunguka shule yetu, tuikumbuke ile nukta ya chaki ng'ambo ya mto. Mwalimu wetu hakutuambia tusichore. Alitutaka tusiweke kalamu chini kabla ya kuuliza: "Na huyu je?"

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni watoto gani walioacha masomo baada ya shule ya msingi? Ni mpaka gani uliowazuia: fedha, njia, hofu, au jambo jingine?

2. Wanafunzi waliohama wanaposoma katika majengo ya shule yetu, tunawaitaje, na wao wanajisikiaje? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwezi huu?

3. Chukueni karatasi, mchore ramani ya parokia yetu pamoja na mito na njia zake. Wekeni shule mpya mahali mnapoona panafaa. Kisha kila mmoja aweke nukta ya mtoto mmoja anayemjua, na mzungumze juu yake.